Kaptula ya Sponji kwa Dereva wa Bodaboda wa Pwani

Kwenye marobota ya mitumba yanayofunguliwa huku pwani ya Kilwa na Lindi hutokea mara mojamoja kaptula ambayo watu hawaielewi. Kwa mbali ni taiti nyeusi ya kubana. Ukiishika, unakuta ubavuni mwa nyonga zote mbili, mbele ya mapaja na nyuma kwenye makalio imeshonewa vipande vya sponji ngumu vyenye unene wa kidole. Mnunuzi huigeuza mara mbili tatu, kisha huirudisha kwenye fungu. Wapo wauzaji wanaozing'oa sponji hizo kwa wembe ili ibaki taiti tupu, maana taiti ina wateja. Naomba kwa dhati: muuzaji asing'oe, na kijana wa bodaboda wa Nangurukuru, Masoko, Somanga, Mchinga au Lindi mjini akiiona aipime hapohapo na, ikimkaa, aondoke nayo.

Kaptula hiyo ilishonwa kwa ajili ya watu wanaoteleza kwenye theluji, ama kwa mbao mbili zilizofungwa miguuni ama kwa ubao mmoja wa kusimamia kiubavu. Anayejifunza mchezo ule huanguka kutwa nzima, na theluji iliyokanyagwa ikaganda ina ugumu wa sakafu. Hutanguliza makalio au ubavu wa nyonga, ndiyo maana ikatafutwa namna ya kuzikinga sehemu hizo bila kumzuia mtu kukunja miguu. Mchezo wenyewe si wa kwetu, ingawa Afrika Mashariki ina watu wake humo: Philip Boit wa Kenya alishindana mbio za theluji kule Nagano, Japani, mwaka 1998, na Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka 2018. Sisi wa Kilwa na Lindi theluji hatuna. Kuanguka tunako.

Tazama tunavyoanguka. Ajali ya kugongana na lori kwenye lami ya kwenda Dar es Salaam ipo, inaua, na kaptula si dawa yake. Lakini kwa kila ajali ya namna hiyo kuna maanguko mengi madogo ambayo hayafiki polisi wala hayaandikwi popote. Dereva anaacha lami kuingia kwenye njia ya minazini, tairi la mbele linazama kwenye mchanga laini, usukani unageuka ghafla, pikipiki inalala upande na yeye chini yake. Au anapita pale maji ya samaki yalipochuruzika kutoka kwenye tenga la mwenzake, asubuhi, lami ikiwa bado na umande. Au ni masika, yuko barabara ya vumbi ya kwenda Liwale, na ule udongo mwekundu umegeuka sabuni. Mwezi Mei mwaka 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mvua ziliikata barabara kuu maeneo ya Somanga, na kila aliyepita huko siku zile anajua mchepuko wa mawe na tope unavyomtupa mtu. Ongeza mzigo: magunia ya ufuta msimu wake, korosho kuanzia Oktoba, madumu ya maji mwaka mzima. Ongeza mshikaki, abiria watatu kwenye kiti cha wawili, na yule wa mwisho amekalia chuma cha keria.

Katika maanguko hayo mwendo ni mdogo na mtu huanguka kiubavu au kinyumenyume. Kinachotangulia chini ni nyonga, goti, kiganja, au makalio. Kiganja kila mtu anakiona, na goti linafungwa kitambaa. Nyonga na makalio vinafichwa.

Hapo kwenye kufichwa ndipo madhara yanapokomaa. Mtu aliyevunjika mkono humwonyesha kila anayepita. Aliyeumia makalio husema kiuno kinamuuma kidogo, kisha hukaa upande mmoja wiki tatu, hapandi pikipiki, hesabu ya bosi mwenye pikipiki inalala, na nyumbani anameza dawa za maumivu za dukani pasipo kuangaliwa na mtu yeyote. Dada aliyeanguka akiwa abiria ndiye anayenyamaza zaidi. Hataki kuvua nguo mbele ya daktari mwanaume. Dada yangu, una haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo wakati unapimwa, na ombi hilo halimshangazi mtu hospitalini. Mfupa wa nyonga ni mfupa kama wa mkono. Hauna aibu ya kwake.

Ijue kwanza ramani ya mwili wako, maana kinga ikikaa pasipo pake ni mzigo tu. Simama, weka kiganja ubavuni, chini ya mshipi wa suruali kwa upana wa kiganja kimoja hivi, halafu uzungushe mguu ndani na nje kwa kisigino. Utahisi kifundo kigumu kikizunguka chini ya kiganja. Hicho ni kinundu cha juu cha mfupa wa paja kinachotokeza kwa nje. Kwa watu wengi kimefunikwa na ngozi na nyama kidogo sana, na wembamba ndio walio hatarini zaidi. Mtu akianguka kiubavu, kipigo chote kinaingilia hapo na kupelekwa kwenye shingo ya mfupa wa paja, mahali panapovunjika. Sasa peleka kidole nyuma, kwenye mwanzo wa mfereji wa makalio, ushuke mpaka ncha ya uti wa mgongo. Hicho ni kifandugu. Ni mfupa mdogo, lakini ukiumia unakuzuia kukaa, kuinuka, hata kwenda haja kubwa kwa raha. Kwa wanawake huumia mara nyingi zaidi kwa sababu nyonga zao ni pana na kifandugu kimeachwa wazi zaidi.

Kazi ya sponji inaeleweka kwa hesabu ndogo. Kiti cha pikipiki kiko kama sentimita 80 kutoka chini. Mtu akidondoka kutoka hapo kwa uzito wake tu, anafika ardhini kwa mwendo wa kama kilomita 14 kwa saa. Ule mwendo mwingine, wa kwenda mbele, unaishia kwenye kuburuzika, almradi asikutane na jiwe au nguzo. Kinachovunja nyonga ni ule wa kwenda chini. Bila kinga, mfupa unasimama ghafla ndani ya milimita chache za nyama. Sponji ya milimita 15 ikibonyea inaupa mfupa nafasi ya kupunguza mwendo, na kipigo kinatawanyika kwenye eneo pana kisimalizikie kwenye kifundo kimoja. Hakuna siri nyingine humo.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha mwisho wa uwezo wake. Mkwezi akianguka kutoka mita 10 juu ya mnazi anafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa, na nishati ya kipigo ni zaidi ya mara 12 ya ile ya kiti cha pikipiki. Hapo kaptula haina la kufanya. Nawasihi wakwezi, wachuma maembe na wazazi wa watoto wanaopanda miembe: msidanganyike na sponji. Kinga ya juu ya mti ni kamba nzima, mti mkavu, na kutokwea baada ya mvua. Vivyo hivyo kwa dereva anayekimbia kilomita 80 kwenye lami. Na kofia ngumu inabaki ya kwanza siku zote, ya dereva na ya abiria, kama sheria inavyotaka; anayenunua kaptula akaacha kofia amekinga makalio akaacha ubongo.

Sasa twende sokoni. Ukiikuta kaptula kwenye mitumba, usiangalie rangi. Iweke sakafuni, kipande cha nyonga kikiwa juu, ukipige ngumi ya wastani. Vifundo vya vidole vikihisi sakafu, sponji ni laini mno au imechoka. Kisha bonyeza kwa kidole gumba na uhesabu taratibu mpaka tano, uachie: sponji nzima huinuka yenyewe, iliyokufa inabaki na shimo. Ikunje. Ikitoa unga au ikipasuka nyufa ndogondogo, jua na uzee vimeshaimaliza. Baadhi zina ganda la plastiki ngumu juu ya sponji, na hizo ni nzuri kwa mawe. Nyingine zina kinga yenye matundu kama sega la nyuki, ambayo kwa huku kwetu ninaipenda kuliko zote kwa sababu inapitisha hewa. Zipo pia za mpira unaolegea mkononi na kukakamaa unapopigwa, kama ule wa D3O kutoka Uingereza. Ukiupata mzima umepata kitu, maana ni mwembamba na hauonekani chini ya suruali.

Halafu ivae juu ya bukta yako, hapohapo dukani, usione haya. Simama, tafuta kile kifundo cha nyonga kwa kiganja: kinga ikifunike chote, na izidi pembeni kwa vidole viwili. Baada ya hapo omba kupanda pikipiki iliyo karibu, ukae mkao wa kazi. Kaptula nyingi zinakaa vizuri mtu akiwa amesimama, lakini akikaa kinga ya nyonga inahamia mbele ya paja na kifundo kinabaki wazi. Kinga ya nyuma nayo isiwe bonge moja linalokaa juu ya kifandugu chenyewe, kwa sababu utalikalia kutwa nzima na litakuumiza kabla hujaanguka. Nzuri ina mfereji katikati, au imekatwa mfano wa herufi U, ili uzito ubebwe na nyama za pembeni.

Kuna alama moja ya kuitafuta kwenye kinga za waendesha pikipiki, zinazouzwa peke yake au ndani ya suruali maalumu. Ni picha ndogo ya mtu juu ya pikipiki pamoja na maandishi EN 1621-1. Hicho ni kipimo cha Ulaya. Kinga hupigwa na chuma kwa nishati ya jouli 50, kisha inapimwa nguvu inayopenya upande wa pili: daraja la 1 wastani wake usizidi kilonewtoni 35, daraja la 2 usizidi 20. Herufi H inaonyesha ni ya nyonga. Ukipata kinga yenye alama hiyo na daraja la 2, hata kama kaptula yake imechanika, inunue uipeleke kwa fundi. Kaptula nyingi za theluji hazina alama hii, nazo bado zina manufaa kwa maanguko ya mchangani niliyoyataja.

Lakini zina upungufu mmoja ambao lazima niusemee kwa sauti. Kitambaa cha kaptula ya theluji ni chepesi, kwa sababu theluji haichuni. Lami inachuna. Mtu akiburuzwa mita chache juu ya lami akiwa na taiti peke yake, kitambaa kinaisha papo hapo na ngozi inafuata, na kidonda cha kuchunika makalio huchukua wiki nyingi, maana unakikalia na hakikauki. Kaptula ya sponji ivaliwe ndani. Juu yake ivaliwe jinzi nzito au suruali ya turubai, ndefu, isiyobana. Kinga ya ndani inazuia kupondeka na nguo ya nje inazuia kuchunika. Moja bila nyingine ni nusu ya kazi.

Anayekosa ya mtumba asikate tamaa. Fundi cherehani mzuri wa Kivinje au Lindi anaweza kukushonea, mkishauriana na fundi viatu. Msingi ni taiti imara au bukta ya kitambaa cha jezi, inayofika juu kidogo ya goti. Sponji ya godoro haifai. Inabonyea yote mpaka chini bila kupunguza kipigo. Inayofaa ni ile ya soli za kandambili na yeboyebo, yenye vijitundu vya hewa vilivyofungwa. Fundi viatu hununua ubao wake mzima mzima. Hainywi maji wala jasho, na inastahimili chumvi. Wenzetu wa Lamu walifunika jahazi zima kwa kandambili zilizookotwa, lile la FlipFlopi, wakalisafirisha mpaka Zanzibar mwaka 2019, nalo halikuzama. Chukua tabaka mbili: laini upande wa mwili, ngumu upande wa nje, jumla milimita 20. Kipande cha nyonga kiwe mfano wa yai, urefu sentimita 20 na upana 15, kingo zake zikatwe kwa mshazari zisichonge ngozi. Toboa matundu kwa msumari uliopashwa moto, kila sentimita mbili, nje penye upepo kwa sababu moshi wake ni mbaya kifuani. Kipande cha nyuma kiwe U, mdomo ukitazama chini, kifandugu kikae katikati ya uwazi. Mwambie fundi ashone mifuko ya neti upande wa ndani, yenye mdomo wa kupishana, ili vipande vitoke siku ya kufua. Uzi uwe wa nailoni. Kabla hajashona mifuko, kaa kwenye pikipiki ukiwa umevaa taiti, naye achore kwa chaki mahali kifundo kilipo wakati umekaa. Mafundi wengi hupima mteja akiwa amesimama, na kwa nguo hii hapo ndipo kazi inapoharibika.

Kaptula ya namna hiyo haijapimwa maabara, na asikwambie mtu kwamba ni sawa na ya daraja la 2. Kwa anguko la kulala na pikipiki mchangani itakusaidia.

Joto nalijua. Kaskazi ya Januari, saa nane mchana, kuvaa tabaka mbili chini ya jinzi ni mtihani, na kinga inayoachwa nyumbani haimkingi mtu. Kuna funzo juu ya hili kutoka kwa wazee wa Ulaya na Marekani. Huko zipo chupi zenye kinga ya nyonga kwa wazee wanaoanguka, na zimechunguzwa kwa miaka mingi. Tafiti zilipokusanywa pamoja zilionyesha kwamba katika nyumba za kutunzia wazee kinga hizo hupunguza kidogo kuvunjika kwa nyonga, lakini kwa wazee wanaoishi majumbani kwao faida haikuonekana. Sababu kubwa ni kwamba watu huacha kuzivaa: zinabana, zinatia joto, zinaleta usumbufu chooni. Basi anza na safari zenye hatari. Kaptula ivae asubuhi kwenye kubeba samaki, siku za mvua, na unapokwenda shamba au njia ya mchanga. Mchana ukiwa kijiweni kwenye kivuli, vua. Chagua yenye zipu au vishikizo ubavuni, itakayovulika bila kuvua viatu, kwa ajili ya haja na kwa ajili ya kutawadha. Dereva anayesumbuka kuivua kila adhana ataiacha ndani ya wiki. Kuwa na taiti mbili na seti moja ya vipande. Fua taiti kila jioni, vipande vifute kwa maji ya sabuni, vianikwe kivulini. Ukiona vipele kwenye kinena, pumzisha siku mbili tatu, jikaushe vizuri, na ukiwashwa zaidi nenda kituo cha afya upate dawa ya fangasi.

Kuhusu abiria wa kike nina neno. Kukaa upande, miguu yote kushoto, ndiyo heshima tuliyolelewa nayo, na sitamfundisha mtu heshima yake. Ila mkao huo unamwangusha mtu kinyumenyume, kifandugu kikitangulia, pikipiki inapoondoka kwa ghafla au inaporuka tuta. Ukiweza kukaa kwa kutanua miguu, vaa suruali pana ndani ya dera au baibui na ukae hivyo. Usipoweza, shika chuma cha nyuma kwa mkono mmoja na bega la dereva au mshipi wake kwa mwingine, kusanya pindo lote la nguo mapajani mbali na mnyororo, na umwambie dereva kabla hajaondoka: kaka, taratibu kwenye matuta. Mama anayesafiri kila siku kwenda sokoni anastahili kaptula hii kuliko hata dereva. Ndani ya dera haionekani.

Ikitokea umeanguka, mambo ya saa chache za mwanzo yana uzito. Watu wetu hukimbilia maji ya moto na kuchua. Kwa siku mbili za mwanzo fanya kinyume: barafu. Pwani hii hatuna shida nayo, ipo kwa wauza samaki. Ipondeponde, ifunge kwenye kitambaa, iweke penye maumivu dakika 15 mpaka 20, rudia kila baada ya saa mbili tatu. Usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi. Kuchua siku hizo huongeza damu kuvilia, na kama kuna ufa kwenye mfupa unaweza kuuhamisha. Maji ya uvuguvugu yasubiri siku ya tatu. Kwa kifandugu, kaa kwa kuinamia mbele ili uzito uende mapajani, au kalia mto uliokatwa nafasi nyuma. Kula mapapai na mboga, na kunywa maji ya kutosha, upate choo laini. Kilichopondeka huchukua kama mwezi, kilichovunjika wiki 8 hadi 12. Kwa mganga wa viungo usiende kabla hujapigwa picha ya eksirei.

Yapo mambo yasiyosubiri asubuhi. Mtu hawezi kusimama wala kukanyaga. Mguu mmoja umeonekana mfupi na unyayo umegeukia nje. Ganzi imeingia katikati ya mapaja, au mkojo umezuilika, au umetoka wenyewe. Mkojo una damu. Paja linazidi kuvimba, au mtu anapauka, anatoka jasho baridi na kulalamika tumbo la chini. Huyo huenda fupanyonga limevunjika na damu inavujia ndani, mahali pasipoonekana. Usimpakie kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Mlaze chali, asikae wala kugeuzwageuzwa, tafuteni gari. Khanga huuzwa kwa doti, na hapa doti nzima ina kazi. Moja ikunje iwe mshipi mpana, ipitishe chini ya magoti, ipandishe polepole mpaka usawa wa vile vifundo vya nyonga, si kiunoni, uikaze imbane na uifunge. Ya pili fungia magoti yake pamoja. Akifika hospitali ya Kinyonga pale Kivinje, au ya Sokoine kwa walio Lindi, msiifungue nyinyi, waachieni wahudumu.

Na bibi aliye nyumbani tusimsahau. Yeye hapandi pikipiki, lakini mfupa wake umeshapungua nguvu, na anguko la kutoka kimo chake mwenyewe, usiku, akienda choo cha uani, linatosha kuvunja nyonga na kumlaza moja kwa moja. Kwake yeye kaptula ni ya mwisho katika orodha. Kwanza taa, kisha kamba au mti wa kushikia ukutani, ndala zisizoteleza, na sakafu ya bafu isuguliwe ukungu. Akikubali kuvaa kinga baada ya hayo, mshonee laini, isiyobana tumbo.

Nimalizie kwa mabosi, maana nyinyi ndio mnaoandika mikataba. Kijana anayeumia hapeleki hesabu, na pikipiki inalala uani. Wekeni kipengele: pikipiki inakabidhiwa na kofia ngumu mbili na kaptula moja yenye kinga, iliyopimwa kwa mwendeshaji mwenyewe. Kama mnaona gharama ni kubwa, ikatwe kidogokidogo kwenye hesabu za mwezi wa kwanza. Kinga iliyopondeka kwenye anguko ibadilishwe hata kama kwa nje inaonekana nzima, kwa sababu sponji ikishabonyea sana mara moja hairudi na nguvu zake. Na kila kijiwe kiweke moja ya akiba, saizi ya kati, kwa ajili ya wale vijana wanaojifunza jioni kwenye viwanja vya mchanga. Hao ndio wanaoanguka mara nyingi kuliko wote, na huwa wamevaa bukta na kandambili.